Mngurumo wa Gurudumu la Mbele

Kwa wiki tatu nzima kigari cha mizigo cha Bi Tsuya kilikuwa kikinung'unika. Haikuwa kelele ya kupasua kichwa. Ulikuwa mngurumo wa chini kwa chini, uuuu, kama mzee aliyeamshwa asubuhi akakataa kutoka kitandani. Ulitokea huko mbele, karibu na miguu, na kila mwendo ulipoongezeka nao uliongezeka. Bi Tsuya alikuwa na miaka sabini na tisa, na kwa miaka arobaini na sita alikuwa akibeba makreti ya matufaha kutoka shambani hadi ghala la chama cha wakulima. Vigari vitatu vilikuwa vimeshazeekea mikononi mwake kabla ya hiki. Siku ya kwanza tu aliyosikia mngurumo ule alisema peke yake, "Beringi ya gurudumu hiyo. Tena ya kushoto."

Shida ni kwamba hapakuwa na mwingine aliyeusikia.

Kasai, fundi mwenye gereji mkabala na ghala, alisema ni matairi. "Theluji imekwisha barabarani, Dada Tsuya, nawe bado umevalisha gari viatu vya theluji. Juu ya lami kavu lazima yavume. Ngoja tubadilishe." Kule kwao kila mwisho wa Machi jibu huwa hilo kwa kila kelele, na mara nyingi huwa kweli, kwa hiyo Bi Tsuya akangoja. Matairi ya theluji yakatolewa, yakavalishwa ya kiangazi. Uuuu ikabaki pale pale.

Halafu akaja mwanawe Noriyuki kutoka Sendai, na karatasi ya rangi ya waridi mfukoni. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa za watoto wa chekechea, ikieleza jinsi mzee anavyoweza kurudisha leseni polisi kwa hiari yake na kupewa punguzo la nauli ya basi. Basi lenyewe lilipita mara mbili kwa siku, na Jumapili halikupita.

"Mama, nimeliendesha hadi dukani na kurudi. Sikusikia kitu."

"Ungesikiaje, na njia nzima ulikuwa unaongea na simu?"

"Gari lenyewe lote ni kelele! Injini iko chini ya makalio. Katika kelele zote hizo nichague ipi?" Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya upole, na upole wa Noriyuki ndio ulikuwa wa kuogopa. "Mama, labda mngurumo uko masikioni mwako. Masikio yakianza kusikia kisichokuwepo, kesho yatashindwa kusikia kilichopo. Mtu atakupigia honi, wewe kimya."

Basi wakapatana. Kesho yake Kasai angeliendesha gari mwenyewe na kutoa neno la mwisho. Akisema lina ugonjwa, Noriyuki asingeitaja leseni tena. Akisema ni zima, Jumatatu leseni ingerudi polisi. Bi Tsuya alikubali haraka, kisha usiku kucha akajuta. Shamba lilikuwa kilomita saba mlimani, na matawi ya mitufaha yalikuwa bado nusu hayajapogolewa. Bila leseni angebaki kulitazama kwa mbali dirishani, kama mgonjwa anavyotazama chakula cha wenzake.

Walipofika gereji, kitu cha kwanza alichokiona ni boksi la biskuti juu ya meza ya Kasai. Karatasi yake ilikuwa ya duka la Sendai. Lilikuwa limeshafunguliwa, na nusu ya biskuti zilikuwa zimeshapata mwenyewe.

"Hizi zimekuja lini?"

"Jana jioni," Noriyuki akasema. "Nilipita kumsalimia fundi tu."

"Kumsalimia." Bi Tsuya alilitafuna neno lile kama tufaha lenye funza. Mtu anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na kabla hajamwashia marehemu baba yake ubani, anapita kwa fundi na biskuti! Tena huyo Kasai mwenyewe, tangu waingie, hakumtazama machoni hata mara moja. Alikuwa akimtazama mdomoni, kama anayetaka kujua amekula nini asubuhi.

Wanaume wawili wakapanda gari, wakaenda, wakarudi. Kasai akashuka huku akijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Sijasikia kitu," akasema, akiangalia sakafu.

"Biskuti hazisemi uongo, mtu ndiye anasema!"

"Mama!"

"Usiniite mama. Mwite huyu mama, ndiye unayemletea zawadi."

Simu ya Noriyuki ikalia, naye akatoka nje nayo, shingo nyekundu. Kasai akainama kwenye gari jingine, akaanza kukaza nati. Bi Tsuya akakaa kwenye kibao, mkoba mapajani, akimchunguza mgongo.

Ndipo vipaza sauti vya mji, kama kila siku, vikapiga wimbo wa saa sita mchana.

Kila mtu pale mjini alimjua Kasai kwa wimbo huo. Kwa miaka arobaini, noti ya kwanza ikipigwa, spana huanguka, hata kama nati iko nusu, naye huyoo kwa mkewe Fumi kula tambi. Watu walitaniana kwamba ukichukua gari lako kwake mchana, kwanza uhesabu magurudumu. Leo wimbo ulianza, ukafika katikati, ukaisha. Kasai alikuwa bado anakaza nati.

Bi Tsuya akasimama polepole, akaenda hadi nyuma yake kabisa.

"Kasai," akasema kwa sauti ya kawaida, "suruali yako imepasuka nyuma, na ndani umevaa ya maua."

Kr, kr, spana ikaendelea.

"Fumi amekimbia na mleta barua. Wamechukua na friji."

Kr, kr.

Akamgusa bega. Kasai aliruka hadi spana ikadondoka kweli.

"Tangu lini?" Bi Tsuya akauliza, sasa wakitazamana.

"Tangu lini nini?"

"Wimbo umepigwa, umekwisha. Tambi zako zinapoa."

Kasai akageuka kutazama saa ya ukutani. Akaketi juu ya tairi. "Mwaka juzi lilianza sikio moja," akasema. "Sasa yote mawili. Simu anapokea Fumi. Watu nawasoma midomo."

"Si kuna vidude vya kuvaa?"

"Nani atamletea gari fundi mwenye vidude masikioni, Dada? Wote watahamia gereji za mjini."

"Kwa hiyo uliposema hujasikia kitu..."

"Nilisema kweli tupu. Sijasikia kitu. Hata injini sijaisikia."

"Na biskuti?"

"Alinishika mikono, akaniambia, fundi, sema kweli tu, namwogopea mama yangu. Ningemjibuje? Kwamba muulize mwenye masikio?"

Bi Tsuya akatazama nje. Noriyuki alikuwa anamalizia maongezi, karatasi ya waridi tayari inachungulia mfukoni. Sentensi moja tu ingetosha. Angemwita mwanawe, angesema fundi wako ni kiziwi, na leseni ingebaki mkobani, na Kasai angekwisha kabla ya chakula cha jioni. Aliifikiria sentensi hiyo, na tusimsingizie utakatifu, aliifikiria kwa raha kidogo.

"Masikio yamekufa," akasema hatimaye. "Na mikono?"

Kasai akaitazama mikono yake. "Mikono ipo."

"Basi inuka, upandishe jeki."

Noriyuki akarudi akakuta gari limeinuliwa mbele, upande wa kushoto. "Mnafanya nini tena? Si ameshasema?"

"Fundi anataka kuligusa. Daktari gani anapima mgonjwa kwa masikio tu?"

Kasai akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Akapenyeza mkono nyuma yake, akaweka kiganja juu ya springi, na Bi Tsuya akalizungusha gurudumu kwa nguvu. Kasai alifumba macho.

"Laini," akasema.

"Subiri, nizungushe tena."

"Laini kama tofu, Dada."

Noriyuki alitoa karatasi yake, akaikunjua, akaanza kuinyoosha juu ya goti. Bi Tsuya alibaki ameshika tairi. Wiki zote tatu alikuwa amemshuku mwanawe, amemshuku fundi, hata Fumi alimshuku. Sasa kwa mara ya kwanza aliyashuku masikio yake mwenyewe.

Kasai alifumbua macho, akamtazama mdomoni. "Dada Tsuya, ukipanda shambani, mngurumo unazidi ukikata kona ya wapi?"

"Ya kushoto."

"Na ya kulia?"

"Unanyamaza kabisa, kama umezibwa mdomo."

"Basi si ya kushoto, ni ya kulia!" Kasai akatupa tambara lake la kufutia mikono. "Ukikata kushoto, uzito wote unalalia kulia, na beringi inayobeba mzigo ndiyo inayolia. Sauti inazunguka kwenye bati, wewe unadhani iko huku."

"Na kwa nini hukuniuliza hilo wiki tatu..." Bi Tsuya akakatiza. Alikuwa ameshajijibu. Anayeficha masikio hapendi kuanzisha mazungumzo ya sauti.

Wakahamisha jeki. Kasai akaweka kiganja kwenye springi ya kulia, Bi Tsuya akazungusha, na safari hii fundi hakuhitaji kufumba macho. "Noriyuki, njoo. Weka mkono hapa."

Noriyuki akaweka, huku akichunga mkono wa shati. Tairi likazunguka. Nyusi zake zikapanda. "Inakwaruza," akasema. "Kama kuna mchanga ndani."

"Mpira wake wa kuzuia maji umechanika. Maji ya chumvi ya kuyeyushia theluji yameingia, grisi imeoza. Masikio ya mama yako yamekosea upande tu. Ugonjwa wameuona wenyewe."

"Yameuona yenyewe," Bi Tsuya akamrekebisha. "Masikio si watu."

Noriyuki alijifuta grisi kwa karatasi ya waridi, bila kutazama alichoshika. Kisha akasimama, na uso wake ukaanza kufanya hesabu. "Lakini fundi, kama ni mbaya hivi, mbona ulipoliendesha hukusikia?"

"Upepo," Kasai akasema.

"Redio," Bi Tsuya akasema, wakati huo huo.

"Redio haikuwashwa. Na upepo haupo."

"Ndiyo maana," Bi Tsuya akasema.

Noriyuki akamtazama huyu, akamtazama yule, kama askari aliyekuta watu wawili na baiskeli moja.

Beringi mpya ingefika kesho kutwa, kwa hiyo Kasai akachukua ukutani ufunguo wa gari la kuazima wateja. Noriyuki alinyoosha mkono. Ufunguo ukapita juu ya mkono huo, ukatua kwenye kiganja cha Bi Tsuya.

Alipofika mlangoni, akageuka. Mwanawe alikuwa ameshatangulia, amempa mgongo. Bi Tsuya akachezesha midomo polepole, bila kutoa sauti hata chembe: Kesho kutwa tunakwenda kwa daktari wa masikio. Mimi ndiye dereva.

"Siendi!" Kasai akafoka.

Noriyuki akageuka kwa kasi. "Huendi wapi? Nani kakwambia uende?"

"Panda gari, Nori," Bi Tsuya akasema, akifungua mlango wa dereva. "Fundi ana njaa, anaanza kuongea peke yake."