Ngumi Isiyoandikwa

Waamuzi wa taekwondo wanapenda miguu. Sheria inasema ngumi ya kifuani nayo ni pointi, sawa na teke, lakini sharti imtikise aliyepigwa. Teke likilia paa! kwenye kinga ya kifua, waamuzi wote wanne wa pembeni wanaandika. Ngumi ikiingia na mtu asiyumbe, hakuna anayejisumbua kushika kalamu.

Mimi Kinyua, karani wa ofisi ya mifugo mchana na mwalimu wa taekwondo jioni, niliona hapo pana faida. Nilimwambia mdogo wangu Kiogora, "Ukipigwa ngumi, usitikisike. Hawataandika." Lilikuwa somo rahisi kwake. Siku ya kutahiriwa hakupepesa hata jicho, na wajomba zetu bado wanajisifia hilo kana kwamba ni wao waliokuwa chini ya kisu.

Jumamosi hiyo ya mwaka 1986 ukumbi wa Isiolo ulijaa mpaka madirishani. Ilikuwa fainali, na mshindi peke yake ndiye angekwenda Nairobi kwenye mchujo wa timu ya taifa. Nilikuwa nimefundisha miaka saba bila kupeleka mtu hata mmoja. Ningefurahi sana, kama si jambo lililokuwa likinitafuna tangu Alhamisi. Baada ya mazoezi nilimwona Kiogora akivaa shati kwa mkono mmoja, kiwiko cha pili kimeng'ang'ania ubavu wa kulia. Nikamuuliza.

"Niko sawa, brathe."

Nikakubali upesi upesi. Usifikiri nilimwamini. Niliitaka Nairobi, basi.

Mpinzani wake alikuwa Dualeh wa mtaa wa Wabera, mtoto wa mwenye lori la kwenda Merti. Teke lake lilikuwa zito na la kuchelewa, ungeweza kunywa chai ukilingoja. Lakini mikono! Kijana amekaza kamba za turubai na kupakia magunia tangu utotoni.

Raundi ya kwanza Kiogora alipata pointi mbili, zote za teke. Dualeh alipiga ngumi tatu, zote ubavu wa kulia. Kiogora alisimama kama nguzo ya stima. Hakuna kilichoandikwa. Watu wakacheka, "Dualeh, miguu umeacha nyumbani?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu ngumi ambazo hakuna mwingine aliyezihesabu. Raundi ya pili: nne, tano, sita. Wakati wa mapumziko nilimpa Kiogora maji, akashindwa kuinua mkono wa kulia, akapokea kwa wa kushoto. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Taulo lilikuwa begani mwangu. Ningelitupa ulingoni, mambo yangeisha. Badala yake nikamfuta jasho nalo na kumwambia, "Imebaki kidogo tu." Shetani gani huyo aliyekuwa akiongea kwa kinywa changu, sijui.

Raundi ya tatu, Kiogora akiongoza nne kwa bila, Dualeh aliingiza ngumi ya saba. Mara akarudi nyuma, akashusha mikono mwenyewe.

"Refa, huyu ameumia," alisema. "Nimesikia kitu kimevunjika hapa ndani."

Ukumbi ulimzomea. Mtu anashindwa, anatafuta mlango wa kutokea! Refa Irungu, aliyeletwa kutoka Nairobi, alimtazama Kiogora. Kiogora akatikisa kichwa: hapana.

Dualeh hakumjali. Alinigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ndio unamjua. Sema."

Irungu naye akanigeukia. "Kijana wako ni mzima?"

Watu mia tatu walinyosha shingo kunitazama. Kiogora alinikazia macho makubwa, na nikayasoma nilivyotaka: usiniharibie. Nilijua nikisema ndiyo, ngumi ya nane inakuja, na Nairobi iko hapo mbele yake.

"Ameumia," nikasema. "Simamisha. Nimejua tangu Alhamisi."

Mkono wa Dualeh ukainuliwa. Hakutabasamu. Alikimbia nje akamwita baba yake, na lori likatupeleka hospitali, Kiogora katikati yetu, kila shimo la barabara likinichoma mimi pia.

Picha ilionyesha mbavu mbili zimevunjika, na moja, daktari alisema, ilikuwa na ufa wa siku kadhaa. Dualeh alipokwenda kutafuta chai, nilikaa kando ya kitanda nikingoja matusi yake. Nilikuwa hata nimeyapangia majibu: kwamba afya ni kwanza, kwamba kuna mwaka ujao.

"Umenikasirikia kwa sababu nimekusimamisha," nikaanza.

"Hapana." Alikuwa akitazama dari, akipumua kidogo kidogo. "Alhamisi uliniona."

"Nilikuona."

"Mimi singeweza kusema. Unajua siwezi. Usiku mzima wa Ijumaa nilikuwa nangoja uje uniambie nisiende."

Nikashika mkono wake, akauacha uwe mkononi mwangu, lakini hakunitazama tena mpaka Dualeh aliporudi na vikombe vitatu.