Mlangoni pa Zizi la Bwana Harusi

Ndama wa pili naye alizaliwa kama wa kwanza. Kwato zake za mbele hazikupasuka. Zilikuwa duara kama za punda. Alijaribu kusimama, akapiga magoti, akajaribu tena. Nilimshikilia anyonye mpaka mikono ikafa ganzi.

Daktari wa mifugo alimkagua, kisha akamtazama fahali wetu, tunayemwita Bwana Harusi.

"Mama wa ndama huyu alipandwa na fahali gani?"

"Huyo huyo," nikasema. "Na ndiye baba wa huyo mama pia."

"Basi ndiyo hayo. Fahali anaubeba ugonjwa huu damuni, ila mwenyewe haumwi. Baadhi ya binti zake wameurithi. Akiwapanda, ndama wengine watatoka hivi. Binti hao wapandishwe kwa mrija, kwa mbegu za fahali mwingine, na yeye aachishwe kazi."

Baba mkwe akacheka. "Nimwachishe kazi, nimlipe na pensheni?"

Daktari alipoondoka, mzee akasema kinachoharibu ndama ni majani ya bondeni na macho ya majirani.

Mimi nina mtamba mmoja, niliyepewa na baba mkwe mwenyewe nilipojifungua. Sina mali nyingine. Na baba yake ni Bwana Harusi.

Alhamisi asubuhi mtamba wangu akaanza kulia na kuwarukia wenzake. Joto la ng'ombe, ile hamu ya kupandwa, halingoji mtu. Lakini mkwe atamwambiaje baba mkwe nani apandwe na nani? Ulimi ungeanzia wapi? Nikamwendea mama mkwe jikoni.

"Mama, mwambie baba tumwite daktari."

"Akishakula. Mwanamume mwenye njaa hasikii."

Alipokula, mama akasema, "Ngoja apumzike kidogo." Baadaye akasema, "Mwanangu, na wewe unataka kumfundisha mzee ng'ombe wake?" Nikajua hajamwambia neno, wala hatamwambia.

Nilipotoka, mzee alikuwa anamvuta mtamba wangu kwa kamba kuelekea kwa Bwana Harusi, aliyekuwa akigonga mbao kwa paji la uso. Nikawahi, nikasimama mlangoni pa zizi.

"Pisha, mama."

Sikupisha.

"Mkwe wangu, nimesema pisha."

"Baba, huyu ni mtoto wake," nikasema nikitazama chini.

"Ng'ombe wana undugu gani? Wanakwenda kuposana?"

Mlango ule ni mwembamba. Angetaka kupita ingebidi anisukume, na baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe. Akakohoa. Akamwita mama aje kunitoa. Mama akachungulia, akasema ana sufuria motoni. Tukabaki hivyo juani, mtamba akilia kati yetu, mpaka mzee akaitupa kamba chini na kuingia ndani.

Daktari nilimpigia, simu ikaita tu. Kesho yake mtamba ametulia, hana mimba ya yeyote. Tangu siku hiyo baba mkwe hanisemeshi, na chai nikiipika mimi haigusi.

Joto litarudi baada ya wiki tatu. Jana nimemsikia akimwagiza fundi aje aupanue mlango wa zizi, na mimi sijui nitasimama wapi.