Zoezi la Saba: Uso wa Mwanamume

Kufikia saa nne asubuhi mhariri alikuwa ameshaikata kwa wembe sura ya tisa kutoka nakala mia mbili za kitabu cha historia ya kisasa. Sura hiyo ilitaja majina ya wafanyakazi thelathini na wawili waliopigwa risasi getini mwa kiwanda cha saruji, walipodai barakoa za vumbi. Jina la kumi na nne lilikuwa la kaka yake mwandishi wa kitabu hicho.

"Dada yangu, yaliyopita si ndwele," mhariri alisema.

"Sasa vitabu vya historia mnachapa vya nini?" mwandishi aliuliza.

Mhariri alibadilisha wembe, akaendelea.

Nyumbani, mama yake mwandishi alikuwa ameshafuta miwani. Kaburi la mwanawe hakuwahi kuonyeshwa, basi angalau alisome jina lake kitabuni. Mwandishi alimwambia bado wanachapa.

Kurasa zilizokatwa zilisagwa zikawa karatasi mpya, na karatasi hiyo ikachapiwa kitabu cha pili cha mwandishi, cha kufundisha kuchora kwa mkaa. Kombe likafunikwa, wanaharamu wakapita, tena wakiwa kwenye gari la serikali.

Zoezi la saba lilikuwa na ukurasa mtupu: chora yai, ligawe kwa msalaba, weka macho katikati, tia kivuli chini ya pua. Kila mwanafunzi aliyelifanya, msichana kwa mvulana, alipata mwanamume mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Walimu walisahihisha vivuli. Mkaguzi wa shule alilalamika kwamba masikio ni madogo.

Nyuso thelathini na mbili zilizoshinda mashindano ya shule zilitundikwa ukumbini wizarani. Mwandishi alimpeleka mama yake. Mama alipita akihesabu, akasimama mbele ya uso wa kumi na nne.

"Amekonda," alisema.

Alimpangusa nyusi kwa upindo wa nguo. Vumbi lilimjaa vidoleni, na nyusi zikabaki na vumbi lilelile.

"Hili jina hapa chini la nani?"

"La mwanafunzi aliyemchora, mama."

"Na lake?"

Mwandishi alitoa kipande cha mkaa mkobani, akaliandika jina la kaka yake ukutani, herufi kubwa. Mama alivaa miwani. Alikuwa amefika nusu ya jina mlinzi alipokuja na kitambaa chenye maji.

"Samahani, mama. Kazi ni kazi," alisema, akalifuta lote.

Picha hakuigusa. Ilikuwa imepata zawadi ya kwanza.