Kitufe cha F5

"Usiguse kitu, Aune. Hata kipanya usikiguse. Nakuja."

Reijo, fundi wa kompyuta wa halmashauri, alikata simu, akaiacha supu yake ya samaki mezani, akavuka barabara yenye barafu kwenda makumbusho. Kabla hajafika mlangoni alishajua kilichotokea, na hilo ndilo lililomuuma.

Kwa miaka kumi na tisa programu ya kuhifadhi habari za makumbusho ilikuwa kazi ya mikono yake. Ilikaa ndani ya kompyuta ya Aune, mtunza makumbusho, ikiwa na dirisha lake la kijivu, na haikuhitaji mtandao wala ruhusa ya mtu. Ukimaliza kuandika unabonyeza F5. Inahifadhi, kisha dirisha linabaki tupu likisubiri habari nyingine. Aune alikibonyeza kitufe hicho bila kutazama, kama mtu anavyozima taa ya chumba chake.

Halafu wakubwa wakaamua kila kitu kihamie kwenye kivinjari, kifunguke popote, hata kwenye simu. Kazi ya kuhamisha akapewa Reijo mwenyewe. Aliifanya kwa kinyongo. Hakugombana na mtu, alinuna tu msimu mzima wa vuli. Alijua fika kwamba kwenye kivinjari F5 huufungua ukurasa upya na kufuta yote ambayo hayajahifadhiwa. Mistari mitatu ya msimbo ingetosha kukizuia, lakini hakuiandika. Acha waone walichokitupa, alijisemea.

Wa kwanza kuona akawa Aune.

Alimkuta amekaa mikono mapajani, mbele ya ukurasa mtupu. Pembeni kulikuwa na kahawa iliyopoa na kipande cha mkate wa iliki.

"Jumanne nilishinda hapa na Bibi Hilja," Aune alisema. "Kanitajia majina yote ya Kuusilahti. Nyumba, malisho, visima, mpaka mawe ya kufulia. Nilitaka kumrekodi, akakataa, eti hataki sauti yake ibaki inazurura akishakufa."

Kijiji cha Kuusilahti kilikuwa chini ya maji ya bwawa la umeme tangu Aune hajazaliwa. Hilja ndiye aliyekuwa amebaki peke yake anayekikumbuka. Alifariki Jumapili.

"Wanawe wanataka majina yasomwe kwenye mazishi. Nafungua leo, hakuna kitu. Na nilihifadhi, Reijo! Nilibonyeza, dirisha likawa tupu kama siku zote, nikaenda zangu nyumbani."

"Hukuandika popote pembeni?"

"Kwenye karatasi? Ya nini? Programu yako haijawahi kuniangusha."

Reijo alitafuta kwa saa mbili. Alipekua kumbukumbu ya kivinjari, akapekua na kompyuta kuu ya halmashauri, huku akijua hatapata kitu. Aune alimtazama kwa matumaini, na matumaini yale yalikuwa mazito kuliko matusi.

"Ni ujinga wangu," Aune alisema hatimaye. "Uzee huu! Tafadhali usiwaambie kule ofisini."

Hapo Reijo angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Si wewe," Reijo alisema. "Nilijua F5 itafuta. Ningeweza kuizuia, nikaacha makusudi."

"Makusudi?"

"Nilikuwa na hasira."

"Na mimi?"

"Na wao, Aune. Wewe hukuwemo."

"Lakini niliyekaa kwenye hiki kiti ni mimi, siyo wao."

Hakupandisha sauti. Alinyanyuka, akamwaga kahawa kwenye sinki, akarudi na kalamu na karatasi, akavisukuma mbele ya Reijo.

"Andika."

Aune alifumba macho. "Nyumba ya Mattila. Kisima cha Farasi. Malisho ya Wajane. Jiwe la Anni..." Reijo aliandika kwa mwandiko wa mtu aliyeacha kalamu zamani. Yalipofika manane, Aune alikwama.

"Yalikuwa mangapi?" Reijo aliuliza.

"Mia moja arobaini na tatu."

Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka juu ya bwawa, na kalamu ilikuwa bado juu ya mstari wa tisa. Kidole kimoja cha Aune kikaanza kuigonga meza taratibu, mahali pale pale ambapo kitufe kingekuwepo.