Shahada ya Sajini

Kinyozi hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata akiwa ameketi, goti moja lilicheza na mkono ulitafuta cha kushika: kitana, kopo la pauda, rimoti. Mkewe alizoea kumwambia kwamba siku atakayotulia ndiyo siku ya kumwitia daktari.

Mkewe huyo alikuwa sajini jeshini, fundi wa magari makubwa, mwenye kucha ambazo hazikutakata grisi hata alipokwenda harusini. Kila baada ya miaka michache alipewa uhamisho. Kinyozi naye alifungasha mashine zake, vioo vyake na binti yao, waliyempachika jina la Kidoti kwa sababu ya alama iliyokuwa shavuni, akaenda kutafuta vichwa vya kunyoa nje ya geti la kambi nyingine. Watu walimcheka chinichini, mwanamume mzima kufuata uhamisho wa mke. Hilo halikumnyima usingizi. Kilichomtafuna ni kwamba hakuwahi kumaliza kitu. Aliwahi kuanza ualimu, akauacha njiani. Aliwahi kuwa na saluni ya viti viwili na kijana wa kumsaidia, akaiacha ikiwa ndiyo kwanza inachanganya. Kila alipoona mambo yanaanza kushika, mkewe alirudi nyumbani na ile sura ya kutaka kusema jambo, naye alijua kabla hajasema.

Mwaka ule Sajini alipangiwa misheni ya ulinzi wa amani, nchi ya mbali. Kabla hajaondoka alijiandikisha shahada ya ugavi na usafirishaji katika chuo kimoja kilichofundisha kwa mtandao. Chuo hicho kilikuwa na makubaliano na jeshi: askari asome popote alipo, na mwenza wake au mtoto wake naye aruhusiwe akitaka.

"Wewe je?" alimuuliza mumewe akifunga begi. "Nafasi ya familia ipo."

"Niache kwanza. Maliza wewe."

"Mimi sina ujanja. Mwakani ndio mwisho wa umri wa kuomba uafisa, na bila shahada hawaniangalii mara mbili. Nikipitwa hapo, nitastaafu nikiwa sajini."

Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa, lakini Kinyozi alimjua. Mwanamke huyu alikuwa amefundisha kazi maluteni waliokuja wakiwa hawajui hata kufungua boneti, halafu akawapigia saluti walipopanda.

Mwanzoni masomo yalikwenda vizuri. Alikuwa ameshahamishiwa baadhi ya masomo kutoka stashahada yake ya ufundi, hivyo njia haikuwa ndefu. Kisha kikosi chake kikasogezwa mbele, mahali ambapo mtandao ulikuja na kupotea upendavyo, na magari yalikuwa yanakufa kwa vumbi upesi kuliko alivyoweza kuyafufua. Mchana mmoja akapiga simu, sauti imekauka.

"Baba Kidoti, nisaidie jambo. Nina asaimenti inatakiwa leo. Nitakusomea, wewe uchape uitume."

Alimsomea, naye akachapa, akatuma. Kosa lilikuwa wapi hapo? Mara ya pili alirekebisha sentensi mbili zilizokuwa zinapinda. Mara ya tatu mkewe alimpa vichwa vya habari tu, akasema, "Jazia jazia hapo katikati." Baada ya hapo Sajini hakuuliza tena kilichotumwa. Aliuliza, "Imekwenda?" na Kinyozi akajibu, "Imekwenda," wakahamia kwenye habari za Kidoti na shule.

Nje ya geti, banda la Kinyozi likageuka maktaba. Alisoma mihadhara kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kioo, mashine ikinguruma mkononi. Koplo mmoja aliondoka na ndevu za upande mmoja juu, za upande mwingine chini, akarudi kesho yake kudai haki. Mama Pacha, jirani yao wa ukuta mmoja, mke wa dereva, alimpitia siku moja akasimama mlangoni kumtazama.

"Baba Kidoti, siku hizi unanyoa huku unaongea peke yako."

"Nahesabu."

"Unahesabu nini, nywele?"

Alicheka naye, lakini moyoni alikuwa kama mtu aliyeonja kitu akiwa ameshasahau kwamba ana njaa. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jambo ambalo uhamisho usingeweza kulikata. Ubaya ni kwamba halikuwa lake. Alama nzuri zilipokuja, juu yake palikuwa na jina la mkewe, na pongezi za mhadhiri zilimwendea Sajini. Alizisoma mara mbili mbili, kisha akatoka nje akafagia pasipohitaji kufagiwa.

Kazi ya mwisho ya muhula ilikuwa ndefu, nayo ndiyo iliyobeba alama nyingi. Kinyozi aliiandika kwa wiki nzima, akichota kwenye yale aliyosimuliwa na mkewe juu ya vipuri na misafara, na mengine akichota kwake mwenyewe. Siku chache baada ya kuituma, mhadhiri akaleta ujumbe. Kazi ilikuwa nzuri mno, aliandika, na angependa kuzungumza na mwanafunzi kwa video kabla ya kuweka alama.

Kinyozi alimpigia mkewe mpaka akampata.

"Anatushuku?"

"Sijui. Labda kapenda tu," Sajini alisema. "Nitumie hiyo kazi niisome."

"Hujaisoma?"

"Ningeisoma saa ngapi, mume wangu, nikiwa chini ya lori?"

Wakapanga. Sajini angezungumza na mhadhiri kwenye kompyuta ya kikosi, na simu yake ingekuwa mezani kando, imeunganishwa na ya Kinyozi, asikie kila kitu. Akikwama, Kinyozi angemwandikia jibu kwa ujumbe mfupi. Siku hiyo ilipofika, adhuhuri, alifunga mlango wa banda, akawaambia wateja umeme umekatika, akabana simu sikioni. Hakuweza kuketi. Alizunguka kiti cha kunyolea kama ng'ombe wa kinu.

Sajini alianza kwa kusitasita, kisha akachangamka. Mhadhiri, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alimuuliza kwa nini vipuri vigawanywe vituoni badala ya kulundikwa mahali pamoja. Sajini akamweleza habari ya lori lililolala barabarani kwa kukosa mkanda wa feni. Mhadhiri akacheka. Kinyozi alishusha pumzi, akaegemea ukuta. Walikuwa wanapita.

"Kuna mahali pamenigusa," mhadhiri akasema. "Ngoja nikusomee. 'Duka dogo linapohamishwa mara kwa mara, kinachopotea kwanza si bidhaa, ni wateja waliozoea kumkuta mtu mahali pake. Mwenye duka hujifunza kuagiza kidogo, kupanga kidogo, na mwishowe kutaka kidogo.' Mfano huu umeutoa wapi?"

Kinyozi akaandika upesi, vidole vikigongana: Sema utafiti wa mtaani. Akatuma. Alisikia simu ya mkewe ikitetema pale mezani, mbali kote kule.

"Sajini, upo?"

"Nipo, mwalimu. Huyo mwenye duka ni mume wangu."

"Alikusimulia?"

"Hapana. Hajawahi kunisimulia. Ameandika yeye. Hiyo sehemu na nyingine nyingi. Kazi hii si yangu."

Kinyozi alijikuta nje, aproni bado kiunoni, akitembea kandokando ya ukuta wa kambi bila kujua anakwenda wapi. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri umeme urudi walimtazama akipita, anarudi, anapita tena. Alikuwa na hasira, alikuwa na aibu, na chini ya vyote hivyo kulikuwa na kitu kidogo kilichofanana na furaha. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi.

Mkewe alipiga jioni.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Kwa nini, Mama Kidoti? Ulishapita."

"Nilikuwa napita kwa miguu yako."

"Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Tulikubaliana uniandikie. Hukuniambia kwamba umefika mahali pa kutaka kidogo."

"Ulikuwa mfano tu."

"Usinifanye mtoto." Upepo ukavuma kwenye simu. "Miaka yote hii nilijua unachukia kufungasha. Nilidhani ni uvivu."

Chuo hakikuwa na mzaha. Kilifuta alama za muhula mzima, kikamtaka Sajini arudie masomo yote yale, na taarifa ikafika kwa mkuu wa kikosi. Hakufukuzwa, ila ombi la uafisa la mwaka uliofuata likawa halina shahada ya kuliegemea, na baada ya hapo umri ukawa umeshampita. Mlango ukajifunga bila kishindo.

Sajini aliporudi kutoka misheni, Kinyozi alimsubiri amgombeze. Hakugombeza. Alimkumbatia Kidoti, akagawa zawadi, akalala kutwa mbili, kisha akaanza kutafuta cha kukarabati. Alifungua pasi, akafungua jiko, akalifumua gari bovu la mume wa Mama Pacha mpaka injini yote ikatandazwa kibarazani. Nyumba ikawa na watu wawili wasiotulia, kila mmoja akimkwepa mwenzake mlangoni.

"Nyie mmegombana?" Kidoti aliuliza wakila.

"Hatujagombana," wakajibu kwa pamoja, na hapo mtoto akajua.

Kinyozi akashindwa kuvumilia. Alimfuata kibarazani, akachuchumaa kando ya injini.

"Nimekupotezea uafisa."

Sajini alifuta boliti kwa kitambaa, akaiweka mahali pake. "Niliomba mwenyewe. Wewe ulikubali mno, hilo ndilo kosa lako. Ungenikatalia mara ya tatu, ningekasirika, ningeandika."

"Ningejuaje?"

"Hukujua kwa sababu ulikuwa unafurahia." Akamtazama. "Nenda kajiandikishe. Kwa jina lako."

Ofisa elimu wa kikosi, kapteni mwembamba mwenye miwani, alimtambua mara moja. "Wewe si ndiye yule?" Kinyozi akakiri ndiye. Chuo kilimpokea kwa sharti kwamba kila mtihani wake asimamiwe na ofisa, ana kwa ana.

Asaimenti yake ya kwanza, ya jina lake mwenyewe, aliitolea jasho. Aliisubiri alama kama anayesubiri mtoto azaliwe. Alikata nywele vibaya siku hizo kuliko wakati wowote. Ilipokuja, ilikuwa chini ya nusu. Mhadhiri alikuwa yuleyule, na maelezo yalikuwa mafupi: maneno mazuri, hoja haina mifupa.

Kinyozi alimpa mkewe simu bila kusema. Sajini alisoma, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na Kinyozi, aliyekuwa karibu kulia, akajikuta anacheka naye, mara ya kwanza tangu mkewe arudi.

"Unajua shida yako?" Sajini alisema akifuta macho. "Nilipokuwa kule, mifupa ilikuwa yangu. Wewe ulikuwa unavisha nyama tu. Lete hapa."

"Usiniandikie."

"Nani akuandikie? Nitakuuliza maswali. Ukishindwa kunijibu, hujui."

Wakawa wanasoma meza moja, yeye akirudia alichofutiwa, mumewe akianza alichoahirisha. Waligombania chaja na kuitana majina. Sajini alikuwa na siku zake mbaya, hasa luteni mpya anapoletwa karakana. Siku hizo hakufungua kitabu, na Kinyozi alijifunza kutomsemesha.

Uhamisho ukaja kama kawaida, safari hii katikati ya mitihani. Kapteni wa miwani naye alikuwa anahamia kambi ileile. Walifika asubuhi, na mtihani wa Kinyozi ulikuwa saa nne. Nyumba ilikuwa tupu, lori mlangoni, wapakuzi wakipita na kitanda, na mtandao ulipatikana chumba cha nyuma tu, karibu na dirisha. Kinyozi aliweka kompyuta juu ya tangi la maji lililopinduliwa. Kapteni akaketi juu ya gunia la nguo, akasafisha miwani, akatazama saa yake.

Mpakuzi mmoja akaja na kabati. Sajini, aliyekuwa amevaa gwanda kamili, akajiweka katikati ya mlango.

"Kabati hili linaingia chumba hicho, afande."

"Lisubiri."

"Ni zito."

"Liweke chini, ukae juu yake. Mume wangu anafanya mtihani."

Ndani, Kinyozi alisoma swali la kwanza. Goti lake lilikuwa linacheza, likigonga tangi, kompyuta ikitikisika. Kapteni alikohoa. Kinyozi akalishika goti kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kuandika.