Siku ya Kuzaliwa ya Gerlof

"Hongera, mama, kwa siku ya kuzaliwa ya mume wako," alisema Mzee Terwolde, seneta, akainama kwa heshima zote. Mkono alioushika haukuwa wangu. Ulikuwa wa Hedwig, katibu wa mume wangu.

Mimi nilikuwa mlangoni, aproni kiunoni, nimebeba keki ya tufaha.

Sebule yetu pale The Hague, Uholanzi, ilikuwa imepangwa viti duara, na kila aliyeingia alilizunguka lote akipeana mikono: anampongeza mwenye siku yake, mkewe, dada yake, hadi majirani. Ndivyo tufanyavyo. Mzee yule hakuwahi kufika kwetu. Alimwona mwanamke aliyeketi ubavuni mwa Gerlof, anayemkorogea kahawa bila kuulizwa, akamaliza hesabu.

"We seneta, macho umeyaacha bungeni?" jirani yangu Mien akapaza sauti. "Mke si huyo mwenye keki!"

Watu wakaangua kicheko. Hedwig akaiva uso. Nikamtazama Gerlof, nilitaka neno moja tu kutoka kwake, hata la mzaha. Yeye alikuwa anajipapasa mifukoni akitafuta kiberiti. Hedwig akampa chake.

Nilimpata Gerlof akiwa mwalimu wa kijijini, koti lake moja, viwiko vimetiwa viraka. Hotuba zake za mwanzo alizisomea jikoni kwangu, mimi namenya viazi. "Hapo umerefusha, baba," namwambia, naye anafuta. Alipoingia Bungeni akaanza kumsomea Hedwig, aliyesoma. "Usijichoshe, Aaltje," aliniambia, kwa upole kabisa. Afadhali angenigombeza.

Nikaikata keki. Kipande cha Hedwig nilikikata chembamba, kikaanguka ubavu kwenye sahani.

"Asante, mama," akasema, akala chote.

Ndipo simu ikalia ukumbini. Vyama vilikuwa vimevutana majuma kadhaa juu ya nani aitwe na Malkia kuunda serikali, na sebule nzima ikatega sikio, vikombe hewani. Tulimsikia Gerlof akisema, "Ndiyo. Ndiyo, naja kwa Malkia sasa hivi."

Akarudi, akasimama kizingitini. Duara lote lilimtazama, nami nikajifuta mikono kwenye aproni, nikingoja. Macho yake yalinipita. Akamwashiria Hedwig kwa kichwa, kidogo tu, naye akainuka kufuata makoti.

"Kahawa ipo bado?" Gerlof akaniuliza. "Wape wageni."

Mlango ulipofungwa, wakanivamia. Mien alinibusu mara tatu. Mzee Terwolde safari hii alikuja moja kwa moja kwangu, mikono yake yote miwili imeushika wangu.

"Hongera, mama! Hongera sana kwa mume wako!"

"Asante," nikamjibu. "Asanteni nyote."

Pazia zetu huwa wazi. Juu ya bega la mzee niliwaona barabarani, chini ya taa. Gerlof alikuwa akisema jambo, mkono ukipanda na kushuka kama wa mtu anayehutubia. Hedwig akatikisa kichwa kukataa, naye Gerlof akasita, akaanza upya.

Wageni walikuwa bado wamepanga mstari kunipongeza.