Mkanda wa Kamera ya Gaudensi

Mkanda wa kamera ya Gaudensi ulikatika kwa mara ya nne Jumatatu moja ya Februari 1998, saa nne asubuhi, alipokuwa akivuka barabara pale Magomeni, si ile ya Dar es Salaam, na andazi mkononi. Aliidaka kamera kabla haijafika chini, andazi likaenda. Akageuza njia, akampelekea mkanda Omari, fundi viatu, ambaye alikuwa ameanza kuichoka kazi hiyo.

Mkanda wa kwanza, uliokuja na kamera yenyewe, ulidumu miaka tisa. Wa pili, ngozi tupu, aliuagiza kutoka Dar es Salaam. Ukakaa miezi mitatu. Wa tatu ulikuwa mkanda wa kiti cha lori, alioupata kwa dereva mmoja bandarini, nao ukaenda wiki sita. Wa nne hata siku kumi haukufikisha.

Omari aliunyoosha mapajani, akaupitishia kidole.

"Fundi mwenzangu, huu haukulika shingoni. Shingoni ni mzima kabisa. Umelika huku chini, karibu na kamera. Hapa pameshikwa."

"Pameshikwa na nani?"

"Mikono midogo. Tena mingi." Akapaka uzi nta, akaanza kushona.

Gaudensi hakubisha. Alishajua kwamba kamera ilikuwa nyepesi ikiwa na filamu na nzito ikiwa tupu, kwamba msumari wa kuitundikia nyumbani ulikuwa umepinda, na kwamba kila asubuhi mkanda ulinukia mafuta ya nazi, ingawa yeye na mkewe hujipaka ya mgando. Alivilaumu viwanda. Vitu vya siku hizi, alisema, havina maisha.

Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabia moja tu, na hakuwa peke yake: filamu ikimwishia na watu bado wamejipanga, hakusema imeisha. Aliwapiga mwanga. Taa inawaka, watu wanatabasamu, yeye anasema "tayari," na wakija kuulizia anawaambia picha iliungua. Agosti iliyopita, siku wasichana walipotoka unyagoni kule Mtawanya, alikwenda na filamu ya picha thelathini na sita, akakuta wasichana hamsini na watatu, wamepakwa mafuta ya nazi, wamevikwa shanga na khanga mpya. Kumi na saba wa mwisho aliwapiga mwanga mtupu. Wa mwisho kabisa, Mwanaisha, alikuwa anachekacheka, akamkaripia: "Tulia hapo hapo. Usitikisike." Mwanaisha akatulia. Hakuwahi kupigwa picha kabla ya siku hiyo, na mwezi Januari homa ikamchukua.

Mchana wa Jumatatu ile ya mkanda, mama yake Mwanaisha, Hawa, alibisha hodi kwa Gaudensi. Ndani alikuwamo Stefano, katibu wa kigango cha kanisa, amekuja na daftari la majina kupanga picha za kipaimara.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kwa ajili ya Mwanaisha."

"Marahaba. Mama, nilikwambia picha iliungua. Pole sana."

"Leo sikuifuata picha." Hawa aliutazama mkanda shingoni mwa Gaudensi. "Mwenyewe huyo hapo, kashika. Ulimwambia asitikisike, na mwanangu nilimfunza kusikia la mkubwa. Tumemzika, lakini bado kasimama anangoja apigwe. Na hao wenzake nao, wazima kule nyumbani wanapalilia mihogo, na hapa wameshika. Mwambie tu kwamba hukuwa na filamu, ili aachie, akapumzike."

Stefano alikohoa. Habari ya marehemu haikumshangaza. Alitaka kusikia habari ya filamu.

Gaudensi alimwonea Hawa huruma, huruma ya kweli. Alijua lilikuwa jambo la kusema mara moja na kumaliza. Kisha akaliona daftari la Stefano, majina sabini na sita.

"Iliungua, mama," akasema.

Mkanda ukakaza. Shingo yake ikainama polepole mpaka paji la uso likagusa meza, akabaki hivyo. Hawa alinyoosha mkono akaupapasa mkanda pale chini, palipolika, kama anayemweka mtoto khanga sawa.

"Basi vumilia, mwanangu," alisema. Akaaga, akarudi Mtawanya kwa miguu.

Jioni, Gaudensi alipomrudia kutaka mkanda mgumu zaidi, Omari alikata mpira wa tairi la lori, akaukunja mara mbili, akaushona kwa uzi wa kushonea magunia ya korosho. Akauvuta kwa nguvu zake zote huku mguu ukiwa juu ya ncha moja.

"Huu hata waje mia," alisema.

Jumapili ya kipaimara filamu iliisha kama kawaida. Nje ya kanisa watoto bado walikuwa wamejipanga, wazazi wakiwafuta vumbi viatuni. Kamera ikaanza kuwa nzito. Gaudensi akauhisi mpira ukivutika na kushika, haukulia hata kidogo, akashukuru moyoni kwamba mwishowe amepata mkanda wa maana. Aliyefuata alikuwa msichana aitwaye Tumaini, ambaye bibi yake alikuwa bado anamnyoosha shela.

"Tulia hapo hapo," Gaudensi alisema, ameinama kwa uzito. "Usitikisike."

Taa ikawaka. Tumaini akatulia.